Jina Chini ya Sahihi

Miaka sita René Lwaboshi alituandikia barua za kuomba kazi, na miaka sita tulimshukuru. Yeye ni karani wa kanisa letu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mimi, Annuarite Wilondja, nilitoka Fizi na mikono inayojua cherehani tu. Shule niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Wanawake saba tulishona mapazia, mimi nikiwa nimewakusanya. Nilisema, René akaandika, mwisho akaniambia, "Mama, weka kidole hapa." Nikaweka.

Mwaka jana aliugua, nikapeleka mzigo mwenyewe kwenye nyumba moja ya wageni City Centre, Lilongwe. Meneja, mama wa Kimalawi, aligeuza pindo la pazia, akatabasamu. Kichewa nakielewa kidogo.

"Mwambie bosi wako zikomo," alishukuru. "Tunajenga vyumba vipya. Akitaka kazi ya mapazia, alete barua kabla ya Ijumaa."

"Bosi gani?"

Akafungua faili. Chini ya kila barua kulikuwa na sahihi ya René, jina lake na cheo: mwenye karakana. Kidole changu kilikaa kwenye kona, kama doa la mafuta.

Nilimfuata René kitandani kwake. Hakuona haya.

"Mama Annuarite, barua inaomba mutu mwenye alisoma. Wewe bangekukubali?"

"Mapazia yangu bameyakubali miaka sita. Ni wewe hawajakuona na sindano."

Ilikuwa Jumanne. Kama barua ya Ijumaa ingekuwa yake, vyumba vile vipya vingekuwa vyake pia. Nikaenda kwa Irankunda, mjane wa Burundi anayechapa barua kwa kompyuta karibu na soko. Yeye angegeuza maneno yangu kuwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeanza darasa la Jumapili la wanawake, na jina langu niliweza kuliandika bila kuangalia ubao.

Nikakaa vizuri, nikaanza: "Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako yote. Sisi huku tuko wazima, hofu ni kwenu tu. Mvua imechelewa, lakini Mungu..."

Irankunda akaacha kuchapa. "Mama, unaandikia meneja ao dada yako wa Uvira?"

"Mutu anaomba kazi bila kusalimia? Mi si mwizi!"

"Hapa salamu iko moja tu: Bibi Mpendwa. Habari za mbuzi zake utaziuliza siku ya arusi."

Iliniuma, lakini nilikubali. Akachapa, akanipa karatasi. Sikuweza kuisoma, ila niliona kosa palepale: maneno yamegusa ukingo huku na huku.

"Nguo hii haina pindo," nikamwambia. Nikatoa futi shingoni, nikapima sentimita mbili na nusu kila upande. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akarekebisha. Tangu hapo aliniachia nikate. Anwani yetu juu kulia, tarehe chini yake. Yao kushoto. Salamu ile moja. Kisha kichwa kwa herufi kubwa: MAPAZIA YA VYUMBA VIPYA. Aya tatu fupi: sisi ni nani, tunashona nini, tutamaliza lini. Nilimfanya aweke kidole kwenye kila sehemu na kuitaja, mpaka nikaijua kama mkono na kola.

"Hapa utasaini," akasema. "Chini, jina na cheo."

"Cheo gani?"

"Karakana ni ya nani?"

"Weka hivyo. Mwenye karakana."

Nikasaini polepole, herufi tisa, kalamu ikikwaruza. Alhamisi niliifikisha mwenyewe, haina hata kunjo.

Wiki mbili baadaye jibu likaingia kwenye imeli ya Irankunda, akalichapa. Kabla hajafungua kinywa nilimzuia. Nilitafuta kushoto, juu, mahali pa anayeandikiwa, nikasoma kwa sauti mbele ya wenzangu: An-nu-a-ri-te. Espérance, aliye mkubwa kwetu, akapiga vigelegele hata wauza samaki wakaja kuuliza nani ameolewa. Mengine akasoma Irankunda: kazi ni yetu, nifike Jumatatu kupima madirisha.

Jumatatu nilivaa kitenge changu cha kanisa. Kwenye geti la nyumba ya wageni askari mpya alinitazama miguu, ina vumbi la Dowa, wilaya ya kambi yetu.

"Umetumwa na nani, amayi?"

"Sikutumwa," nikasema, nikimnyooshea karatasi. "Nimeandikiwa."

Akaisoma, akanisoma mimi, akafungua geti lote, lile la magari.