Kofia ya Mtu wa Malori

Mimi sipigi picha za heroe. Watu wa Nakuru wanisamehe, lakini nimewachoka hao ndege. Kila Jumatatu, siku ya wanyama katika kikundi chetu cha picha, simu yangu inajaa rangi ya waridi tupu: heroe wamesimama, heroe wameinama, heroe wanaruka, na chini yao watu wanaandikiana "moto sana boss". Mimi nasubiri Jumatano, siku ya magari. Nyumba yangu iko Elburgon, pale barabara inapopanda kutoka upande wa msitu, na kila lori la magogo lazima libadilishe gia mbele ya geti langu. Nikisikia huo mngurumo najua nina muda wa kuepua sufuria, kufuta mikono na kutoka na simu.

Msichana wangu ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi. Yuko Nairobi na kazi yake na watoto wake. Baba yake alipofariki, alikuwa ananipigia kila jioni mpaka tukaishiwa na maneno, tukabaki tunaulizana kama mvua imenyesha. Basi akaniletea simu yenye kamera nzuri, akanionya: "Mathe, usiseme wewe ni mwanamke. Huko wamejaa wanaume, watakusumbua inboksi." Nikaweka picha ya lori mahali pa sura yangu. Sheria za kikundi zilinifaa pia, maana picha za sura za watu haziruhusiwi, na majina hatutumii. Unaitwa kwa kile unachopiga. Kuna wa maua, kuna wa pikipiki, kuna wa milima. Mimi nikawa wa malori, na wote wakaniita boss au mzee. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, baadaye nikazoea.

Lakini niseme ukweli, hakuna aliyekuwa akiziangalia picha zangu. Walikuwa wakibonyeza kidole gumba na kupita. Nami nilikuwa napika chakula cha mtu mmoja, nakula nimesimama, kisha nashika simu kuona kama kuna aliyeandika hata neno. Upweke unatia aibu ukiwa na umri wangu. Kanisani wakiniuliza habari nasema nzuri, tunamshukuru Mungu, na kurudi nyumbani naongea na redio.

Aliyeangalia alikuwa mmoja tu, wa korongo. Huyo alikuwa akituma picha kutoka Kamere, ufukweni mwa Ziwa Naivasha. Karibu kila mara alikuwa korongo yule yule, au ndugu yake, sijui, amesimama juu ya mashua ya bluu iliyopinduliwa, na nyuma yake mti uliokaukia ndani ya maji. Jumatano moja nilituma lori jekundu kama kawaida. Wengine wakaweka vidole gumba. Wa korongo akaandika: "Hili lori leo halina utingo wake. Ni mzima?"

Jamani! Mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Kesho yake nilimsimamisha dereva, nikamuuliza, akaniambia utingo, yule msaidizi wake, ameenda kwao kuoa. Nikarudi mbio kuandika. Wa korongo akajibu: "Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi." Siku hiyo nilikula nimekaa chini.

Toka hapo tukawa tunaongea hivyo hivyo, mbele ya watu wote, chini ya picha. Akiniuliza magogo yanafungwaje, namweleza. Nikimuuliza korongo anakula nini, ananiambia. Siku ya Jumapili, ambayo ni ya kazi za mikono, alikuwa anatuma vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa uzi, na mimi sijaona kazi safi kama ile. Nikaandika: "Mpe mama watoto hongera zangu." Akajibu: "Nimemfikishia. Amefurahi sana." Siku nyingine akauliza kama huku kwetu baridi ni ya kuvaa kofia. Nikamwambia huku Elburgon ni ya kofia mbili. Nilimpenda huyo mtu, sioni haya kusema. Si mapenzi ya kuoana. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akiniuliza jambo na kungoja jibu.

Mara nyingi nilitamani kumwandikia kando, nimkaribishe chai, yeye na mkewe. Nikaanza kuandika, nikafuta. Mjane amwandikie mume wa watu inboksi? Mkewe akishika hiyo simu atasema nini? Nikajiambia wacha, hata hivi yatosha.

Halafu akanyamaza. Jumatatu ikaja bila korongo, Jumapili bila vitambaa. Wiki zikapita. Nikauliza kikundini: "Wa korongo yuko wapi?" Mmoja akaweka kidole gumba, mwingine akatuma heroe. Niliwatukana kimoyomoyo, na sijatubu. Mwishowe nikajikaza, nikamwandikia kando: "Habari ndugu. Ni mimi wa malori. Umetupotea." Ujumbe ukakaa na alama moja tu, haukufika. Niliuangalia asubuhi na jioni mpaka siku moja nikajiuliza, kwani mimi nangoja nini? Nikafunga nyumba, nikateremka Naivasha.

Sikuwa na jina lake wala mtaa wake. Nilikuwa na picha zake tu. Kamere nikashuka kwenye boda, nikatembea mahali samaki wanapoletwa, macho yangu kwenye maji, na kabla sijafika mbali nikauona ule mti mkavu. Mashua ya bluu ilikuwa pale pale. Kulikuwa na mama anapaa samaki kando yake. Nikamwonyesha simu.

"Natafuta mzee anayepiga hizi picha."

Akainama kuangalia, mikono ikiwa na magamba. "Mzee gani? Hizi ni za mama wa vitambaa. Alikuwa anasimama hapa hapa asubuhi, akingoja gari la shamba la maua liwachukue."

"Mama?"

"Mama mtu mzima kama wewe. Lakini tulishamzika. Pole, mlikuwa mnajuana?"

Nilikaa juu ya ile mashua, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua. Wakati huo huo nilikuwa na hasira, tena kali. Mwanamke! Nami muda wote najibana, nachagua maneno, natuma salamu kwa mkewe, na mke mwenyewe ndiye huyo ananijibu. Kumbe na yeye alikuwa amejificha kwa ajili ya wale wale wasumbufu wa inboksi.

Yule mama aliosha mikono, akanipeleka kwa mume wa marehemu. Tulimkuta mlangoni anashona wavu. Alinikaribisha ndani, na makochi yote yalikuwa yamevaa vile vitambaa ninavyovijua kimoja kimoja. Akaniuliza nimetoka wapi.

"Elburgon."

"Elburgon!" Akauweka wavu chini. "Basi pengine unamjua mzee mmoja anapiga picha za malori. Mke wangu alikuwa rafiki yake kwa simu. Nilikuwa namtania, namwambia huyo bwana wako wa msituni. Anacheka. Anasema huyo mzee wa watu anaishi peke yake, maana picha zote amezipiga getini, na hakuna hata moja yenye kivuli cha mtu mwingine. Alitamani tumkaribishe hapa. Lakini akaona, mke wa mtu ataanzaje kumwandikia mwanamume?"

Aliingia chumbani, akatoka na kofia ya uzi, kijani kibichi, nzito. "Alimfumia hii. Ukimwona, mpelekee."

"Ni mimi," nikasema. "Wa malori ni mimi."

Aliniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka, akakalia kochi na kujifuta uso kwa kiganja. "Wewe? Mama yangu! Angejua ni wewe, angekuwa kwako Jumapili hiyo hiyo. Angekuja na uzi wake na asiondoke."

Tulikunywa chai. Aliponisindikiza stejini kupanda gari aliniambia kofia ilipimwa kwa kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo nisishangae ikiwa kubwa.

Ni kubwa kweli. Asubuhi nikisikia lori linabadilisha gia naivaa, natoka getini. Inaniteremkia hadi machoni, naisukuma juu, napiga picha. Kisha nabaki nimeshika simu, naiangalia hiyo picha kila pembe: turubai, minyororo, utingo kama yupo. Jumatano ikifika naituma. Vidole gumba vinakuja.