Kaka Yangu Alikula Akashiba

Kwetu Naivasha mtu aliyekukasirikia hali chakula chako. Hakutukani wala hapigi kelele. Anakuja, anasalimia, anakaa kwenye kiti ulichompa, na chai ikiletwa anasema ameshiba. Hapo unajua kesi bado iko. Siku atakapopokea sahani kutoka mikononi mwako na kula, basi yamekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kuyafukua. Ndivyo nilivyolelewa, na kwa akili hiyo nilimpikia kaka yangu kamba wa ziwani huko Dubai.

Kaka ni kifungua mimba wetu. Alikuwa mlinzi, akilala kambi ya wafanyakazi Al Quoz, watu wanane chumba kimoja. Mimi nilipiga pasi hotelini na kuishi Al Baraha, ambako mke na mume kutoka Mombasa walinipangisha chumba ndani ya nyumba yao. Tulikuwa miezi minane hatusemezani, tangu mama yetu afe. Yeye alikwenda kumzika. Mimi sikwenda.

Ningeweza kusema pasipoti yangu ilifungiwa ofisini, na ni kweli ilifungiwa. Lakini ruhusa niliomba mara moja tu. Msimamizi alisema hoteli imejaa, nitakwenda wageni wakipungua, inshallah, nami nikarudi kwenye pasi. Sikumlilia, sikugoma, sikwenda kwa mkubwa wake. Niliogopa kwamba nikitoka sitarudishwa. Saa ambayo mama alikuwa akishushwa kaburini, nilikuwa nanyoosha vitambaa vya meza vya arusi ya watu nisiowajua, na nilivinyoosha vizuri. Hilo la kuvinyoosha vizuri linaniuma mpaka leo.

Kaka hakushika simu zangu. Habari zote za mazishi nilizipata kwa mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyebaki nyumbani, ambaye tulizungumza naye kila Jumapili. Yeye aliniambia mazishi yalikwenda vizuri, watu walikuwa wengi, nisijisumbue moyo. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa angalau yeye.

Mwishowe nikatumia ujanja. Kaka ni mtu wa heshima, hawezi kuanika mambo ya nyumbani mbele ya wageni. Nikamwomba mwenye nyumba wangu ampigie na kumwalika chakula cha mchana siku ya Ijumaa, kisha nikamwalika na mwenzangu wa kazini, mzee mmoja mcheshi kutoka Kakamega. Watu wakiwepo, kaka angesemaje ameshiba? Nilijiona mjanja kweli.

Chakula nacho nilikichagua kwa makusudi. Kamba wa ziwani ni wale wekundu wenye magando, wanaovuliwa ziwani kwetu na kuuzwa kwenye mahoteli ya watalii. Majirani wengi waliwaona ni wadudu tu. Mama alikuwa akipara samaki ufuoni, na wale waliovunjika magando, ambao mahoteli hayakuwataka, alipewa yeye. Aliwachemsha kwa chumvi, pilipili na dania, akawamwaga juu ya gunia safi, nasi watoto wake watatu tukawazunguka tumechuchumaa, tukipokonyana. Kamwe hakuwaita chakula cha shida. Alituambia watalii wanavuka bahari kuja kula tunachokula bure.

Niliwapata soko la samaki la Deira, wamegandishwa kwenye maboksi. Muuzaji, Mmisri, aliapa wametoka Mto Nile. Ijumaa hiyo niliazima sufuria kubwa ya pilau ya mama mwenye nyumba, nikachemsha maji na ndimu, kitunguu saumu, pilipili za kutosha kumliza mtu mzima, nikatia viazi na mahindi, kisha kamba wenyewe. Mvuke ulijaa nyumba nzima. Wanaume waliporudi kutoka msikitini, maana mwenye nyumba hakwenda peke yake bali na nduguze wawili, magazeti yalikuwa yametandikwa sakafuni.

Kaka alifika na mfuko wa machungwa. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vimepigwa rangi viking'aa. Alinipa mkono, akaniuliza habari za kazi, akakaa upande wa pili, mbali na mimi.

Nikamwaga sufuria. Mzee wa Kakamega akarudi nyuma.

"Boss," alimwambia kaka, "hii si ni mdudu kabisa?"

"Nyinyi mnakula kumbikumbi na mabawa yake," kaka akamjibu, "halafu hii ndiyo mnaogopa?"

Watu walicheka, mzee mwenyewe akicheka kuliko wote. Kaka akamshika mkono akamwonyesha: unazungusha kichwa hivi, unavuta mkia, unabana magamba, halafu kichwa usikitupe, kinyonye. Yeye mwenyewe akanyonya. Akachukua wa pili na wa tatu. Magamba yakajaa mbele yake, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye viwiko, na mara moja akanitazama usoni akasema, "Wa mama walikuwa wanauma. Hawa wamekufa zamani."

Nilikimbilia jikoni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia. Amekula. Amemtaja mama, tena kwangu mimi. Mama mwenye nyumba alinifuata na sahani chafu, akanikuta najifuta kwa kanga.

"Wacha kulia, shoga yangu," alisema. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Huyo ni wako tu."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Alasiri kaka akaaga, akisema asipoliwahi basi la kambini atachelewa zamu. Nikamsindikiza mpaka kituoni. Jua lilikuwa kali bado, na tulitembea kwenye vivuli vya maghorofa. Mikono yetu yote ilinuka kitunguu saumu. Nilipoona kituo kimekaribia nikajikaza.

"Asante kwa kula, kaka. Sasa yamekwisha."

"Nini kimekwisha?"

"Si umekula."

Akasimama. "Nimekula kwa sababu ya watu. Ulitaka niwaambie nini wale? Uliwaita ili nisikatae, na sikukataa. Khalas, hakuna zaidi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimemfungia mlango ili asiweze kutoka, nikasahau kwamba mtu aliyefungiwa ndani huwezi kumsifu kwa kubaki. Niliona haya, halafu nikashikwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimesimama kando ya sufuria ile tangu asubuhi.

"Basi niambie nifanye nini," nilisema. "Nikipata likizo nitakwenda kaburini. Nitaomba msamaha mbele ya watu wote wa ukoo, ukitaka."

Alitazama barabara kuona kama basi linakuja.

"Mimi ndiye niliyesoma historia ya mama pale kaburini," alisema. "Kazaliwa wapi, kaolewa lini, kaacha watoto wangapi. Nilisoma wawili."

"Tuko watatu."

"Nilisoma wawili. Na hakuna aliyenisahihisha."

Nilimwuliza kama mdogo wetu alikuwepo alipokuwa akisoma. Niliuliza kama mtu anayemtafuta wakili wake.

"Alisimama hapa," akasema, akigusa bega lake. "Karatasi ile aliiandika yeye. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu."

Basi likaja. Akapanda, akakaa dirishani, akanipungia mkono kwa adabu, maana kituoni palikuwa na watu.

Jumapili mdogo wetu alinipigia kama kawaida. Alikuwa amesikia kwamba kaka alikuja kwangu, akataka kujua tulikula nini. Nikamwambia kamba. Alicheka kwa furaha, akasema mate yanamtoka, laiti angekuwepo tungekaa watatu tena, tupokonyane kama zamani. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na deni na mtu yeyote. Nilimwacha aseme mpaka amalize, kisha nikamwambia zamu yangu imefika. Haikuwa imefika.