Kidonge cha Kabla ya Mimba

Mpaka leo nikipewa mtoto wa mtu nimpakate, mkono wangu huenda mgongoni kwanza. Humpapasa kutoka shingoni hadi kiunoni, ndipo moyo wangu unatulia. Mama zao hudhani nawabembeleza.

Wangu alizaliwa na mgongo wazi, akaishi siku chache. Mimba yake niliishika bondeni, msimu ambao tulihamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, kuwinga ndege wasile mpunga. Nilikula wali na dagaa tu. Mboga za majani zilinitia kichefuchefu. Mama mkwe alinionya nisimwambie mtu. Mimba changa haitangazwi, watu wana kijicho. Nikafunga mdomo, na kanga nikaifunga juu zaidi. Kliniki ya Kibiti nilifika tumbo limeshajitangaza lenyewe.

Baada ya maziko, nesi mmoja, mtu wa bara asiyemung'unya maneno, alinieleza. Mgongo wa mtoto hujifunga wiki za mwanzo kabisa, mama hata hajajijua. Akipungukiwa na vitamini iitwayo foliki asidi, unaweza kubaki wazi.

"Ukitaka mwingine, vidonge uvianze kabla," akasema. "Ninyi wa huku mnaficha mno. Mficha uchi hazai."

Nilimchukia siku ile. Nilipokwenda kuvichukua vidonge vyenyewe, nilikuwa bado namchukia.

Namtaka mwingine, ingawa naogopa. Basi asubuhi ya kwanza nilikaa barazani, mbele ya mama mkwe, nikatoa kidonge. Potelea mbali.

"Mimba haijaingia, wewe ushaitangaza?" akaniuliza. "Yule alichukuliwa na shetani wa mtoni. Nilishakwambia, hilo halina kidonge."

"Mama, mgongo haukujifunga. Ningeanza mapema, pengine ungejifunga."

Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ulimi wake ni mchongoma. Akakichukua kile kidonge, akakiweka kiganjani mwake, akakitazama.

"Wangu wa mwanzo naye alikuwa vivyo hivyo," akasema. "Wakasema nimekanyaga pa shetani. Nikaamini, mwanangu. Miaka yote hii naamini."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama enzi zake kidonge hiki kilikuwapo. Nikamwambia sijui.

"Alikuwa wa kike," akasema, akanirudishia kidonge na kunisogezea kikombe cha maji.