Wazee wa Kwenye Kioo

Mama yangu alipata kulifuta jeshi zima kwa siki na magazeti makuukuu. Hata leo nikisikia harufu ya siki juu ya kioo, huwaona wale wanaume wakitoweka mmoja mmoja.

Tulikuwa tukiishi ughaibuni, mtaa wa Saltley, lakini mama alikodi kishamba cha manispaa huko Shard End apande mchicha. Kilikuja na banda bovu la vioo, na vioo vyenyewe vilikuwa na ukungu wa rangi ya chai. Mchicha uliota mwembamba, umepauka. "Unataka mwanga huu," mama alisema, akakunja mikono ya gauni. Tuliposogea karibu ndipo tukaona kwamba ule ukungu ni picha: mahema, farasi, watu. Mama hakujali. Alisugua.

Alipofika kioo cha mlangoni akasita. Hapo walisimama wazee weusi, ndevu nyeupe pe, makoti meupe yamewafika magotini. Nyuma yao palikuwa na gari la farasi lililobeba kijumba kama kabati, na kwenye kiti cha dereva ameketi Mzungu mmoja, peke yake.

"Subhanallah," mama alisema. "Kama ndio kwanza watoka kuswali Ijumaa."

Mama Wanjiru, nesi Mkenya mwenye kishamba cha jirani, alichungulia. "Hao ni watu wenu kabisa, dada! Huyo wa katikati si ana pua yako?"

"Na yule Mzungu?"

"Ni dereva wao. Siku moja moja na wao watuendeshe!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama akakataa kukigusa kioo kile. Wazee, alisema, hawafutwi kwa gazeti. Mimi, ambaye babu zangu niliwajua kwa simu tu, nilimchagua yule wa katikati. Kila Jumamosi nilimwamkia shikamoo.

Kisha siku moja baba akaja kutubebea mbolea. Baba alikulia katika studio ya picha ya mjomba wake, Unguja. Alikitazama kioo, akatabasamu.

"Mama Salma, hii negativu. Cheusi hapa ndicho cheupe. Hawa askari wa Kizungu, vijana wenye ndevu nyeusi, wa vita vya zamani mno. Na hilo kabati ni chumba cha giza. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kingali kibichi, basi mpiga picha alikwenda vitani na studio yake. Baadaye vioo kama hivi viliuzwa rahisi, watu wakajengea mabanda ya mimea."

Mama alinyoosha mkono kwenye chupa ya siki. "Kumbe mchicha wangu wanyimwa jua na watu nisiowajua?"

Babu yangu alikuwa anakwenda. Nikatafuta la kumwokoa, macho yakaangukia kitini.

"Baba, na yule Mzungu je? Naye kageuzwa?"

Baba aliinama. Akaufuata uso ule kwa kidole. "Naye pia," alisema. Mama akaifunga chupa.

Kioo kile sasa kiko kwangu, kimefungwa kwa kanga ya mama, mbali na jua. Ukubwani nimejifunza kwamba gari likitikisika dawa humwagika. Picha zote zile zilitegemea mikono iliyomtuliza farasi. Nimeuliza kwenye makumbusho. Gari wanalitambua. Jina la dereva hawana.

Katika vile vioo vingine nakumbuka uso mmoja mweupe, mkubwa, ukitutazama. Sijui kama alikuwa yeye. Kioo hicho ndicho mama alichoanza nacho.