Kitunguu Nilichomwekea Mbwa wa Bibi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiboresha nyama ambayo haikuomba msaada wangu. Nasema "kuiboresha" kwa sababu ndilo neno nililolitumia wakati ule, tena bila aibu, hata kwenye daftari.

Naishi kijijini Mkiwa na bibi yangu mzaa mama. Tuko na mbuzi wake, paka wake anayelinda magunia ya alizeti dhidi ya panya, na mbwa jike ambaye kazi yake ni kulala mlangoni mwa zizi ili fisi wasijisikie wamekaribishwa. Kazi hiyo anaifanya vizuri. Tatizo lilikuwa saa zake za mapumziko. Kila mchana alivuka barabara kuu kwenda kwa mama mmoja anayechoma nyama ng'ambo, akala mifupa, akarudi taratibu kama mwenye barabara. Malori yanayopita hapa hayapunguzi mwendo kwa ajili ya watu, sembuse mbwa. Wa jirani yetu alishagongwa.

"Mume wangu," bibi aliniambia siku moja. Bibi huniita mume wake. Faida za ndoa hiyo bado sijaziona. "Huyu akigongwa, fisi nitawafukuza mimi? Kwa meno gani?"

Nikamwambia aniachie mimi. Hayo ni maneno ya hatari sana yakitoka kwangu.

Mimi ni mtu wa kujifundisha. Ufundi simu niliujifunza kwenye simu, na mpaka leo nikimaliza kutengeneza simu ya mteja naifungua tena kuhakikisha, halafu naifungua kuhakikisha kwamba sikuiharibu nilipokuwa nahakikisha. Kwa hiyo nikaamua kujifundisha ualimu wa mbwa. Video zote nilizotazama zilikubaliana jambo moja: mbwa haji ukimwita kwa sababu ya mapenzi, anakuja kwa sababu umeshika kitu kitamu kuliko alichokuwa anakifuata. Nilihitaji kitu cha kushinda mfupa wa nyama choma.

Mtu mwenye akili timamu angechemsha kipande cha nyama. Mimi nilitumia wiki mbili kulinganisha vitafunwa vya mbwa na paka vinavyouzwa mtandaoni. Nilichora jedwali. Pakiti moja ilikuwa na orodha ya viungo ndefu kuliko barua yangu ya kuomba kazi, na ndani yake mlikuwa na rangi nyekundu. Nani alilalamika kuhusu rangi? Mbwa? Nyingine ilikuwa na sukari, ngano, na kitu kilichoitwa ladha ya moshi, kana kwamba hapa kwetu tuna upungufu wa moshi. Pakiti ya paka ilisema ina samaki, lakini samaki mwenyewe alitajwa mwishoni, baada ya chumvi.

Kisha nikakutana na pakiti ya ini. Ini hilo waliligandisha kwa baridi kali, kisha wakaliondoa maji yote bila kulionyesha moto, likabaki kavu na jepesi. Nyuma, mahali pa viungo, paliandikwa: ini la ng'ombe. Nikaikuza picha nitafute maneno mengine. Hayakuwepo. Inamfaa mbwa, inamfaa paka, basi. Nikaagiza, kwa moyo wa mtu anayehisi amekosa kitu.

Ilikuja na basi kutoka Dar. Konda aliishika kwa vidole viwili.

"Fundi, umeagiza pamba?"

"Ni nyama ya mbwa."

Akaiangalia pakiti, akaniangalia mimi. "Mbwa wako anafunga harusi?"

Lakini ilifanya kazi. Paka alikula na kudai nyongeza. Mbwa, nikimwita akiwa anaelekea barabarani, aligeuka na kuja mbio, masikio yamelala kwa furaha. Nilimwita mara kumi, akaja mara tisa. Watu wengine wangeshukuru kwa tisa wakaenda kulala. Mimi nilikaa na ile moja. Nilijiuliza ana nini na mimi. Nilijiuliza kama kuna kitu kwenye orodha yangu sikukiona. Na jibu, nikaona, lilikuwa wazi: kiungo kimoja hakiwezi kutosha. Hakuna kitu kizuri duniani kinachotengenezwa kwa neno moja.

Bibi naye alikuwa amelishika lile ini na kulinusa.

"Halina hata kitunguu? Nyama bila kitunguu unampikia mgonjwa."

Simlaumu. Alikuwa anazungumzia watu. Sisi huku vitunguu tunalima, tunavikausha, tunavipakia kwenye malori, tunavikuta kwenye kila sufuria. Mtoto wa hapa anajua harufu ya kitunguu kabla hajajua jina lake. Ndiyo maana mimi, niliyetazama video za watu wa mbali zilizotahadharisha kuhusu chokoleti, kitu ambacho mbwa wa Mkiwa hatakiona mpaka afe, sikufikiria hata mara moja kukihoji kitunguu. Nilichukua vile tulivyokausha juu ya bati, nikavitwanga kwenye kinu mpaka vikawa unga, nikaongeza chumvi kidogo, nikaligaragaza ini ndani yake. Kwenye daftari nikaandika: toleo la pili.

Paka alikuwa wa kwanza kupewa. Alinusa, akakung'uta mguu kama aliyekanyaga maji, akaondoka. Niliandika kwamba paka ana tabia mbaya.

Mbwa alikula yote. Na akaja mara kumi kwa kumi! Siku tano mfululizo nilimpa ini na unga wangu, na siku tano nilitembea kijijini kama mwenye shahada. Siku ya sita hakuvuka barabara kabisa. Alilala mlangoni mwa zizi tangu asubuhi, nikamwita, akainua macho tu. Mafunzo yalikuwa yamekamilika.

Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe. Alipojikokota kwenda kukojoa, mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Bibi aliona, akaweka ungo chini.

"Kamwite bwana mifugo. Kimbia."

Mtaalamu wa mifugo alikuja na pikipiki. Bibi alimpa kigoda, mimi nikamwamkia. Alimpapasa mbwa tumbo, akatazama fizi, akapekua manyoya shingoni na kutoa kupe mmoja.

"Shikamoo yako nimeipokea, sasa niambie," alisema bila kuinua kichwa. "Amekula nini siku hizi?"

Hapo ndipo panaponiuma kuandika. Nilikuwa nimeshajua: kitu kipya alichokula kilikuwa kimoja tu. Alipouliza tu, unga wangu ulinijia puani. Na nikasema, "Mifupa. Huwa anaenda kwa yule mama ng'ambo."

"Nilijua!" Bibi akasimama. "Nilijua yule mwanamke anatupa vitu vibaya. Leo atanitambua." Akaanza kutafuta kandambili zake.

"Mama, tulia," bwana mifugo alisema. "Mifupa haifanyi hivi. Damu imepungua na huyu ana kupe. Nitamchoma sindano ya ugonjwa wa kupe." Akafungua begi.

Nilimtazama akivuta dawa kwenye bomba. Dawa ya ugonjwa ambao mbwa hana, kwa mbwa asiye na damu ya kutosha kusimama. Bibi alikuwa ameshapata kandambili moja. Yaani kwa sentensi moja nilikuwa nimepata mbwa wa kuchomwa bure na mama wa watu wa kutukanwa bure, na mimi nimebaki msafi. Kazi nzuri kabisa, bila dosari hata moja.

"Daktari, subiri," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimempa kitunguu. Kikavu. Siku tano."

Akashusha bomba. "Kitunguu kiasi gani?"

Nikaenda kuleta daftari. Kwa mara ya kwanza jedwali langu lilimsaidia mtu. Alisoma, akafika kwenye "toleo la pili", akalifunga.

"Kijana, umesoma wapi haya?"

"Mwenyewe."

"Naona. Kitunguu kinaivunja damu ya mbwa, na kikikaushwa kinakuwa kikali zaidi. Paka ndiyo kabisa. Hakuna sindano ya kukiondoa. Unaacha sasa hivi, unampa maji, unamwacha apumzike, nami nitapita kumwangalia. Ungenyamaza, tungekuwa tunatibu kupe hapa mpaka afe."

Bibi alikuwa amesimama na kandambili yake moja. Nilingoja anitukane. Aliketi.

"Na mimi ndiye niliyesema halina kitunguu," alisema polepole.

"Hapana bibi. Nilitwanga mimi."

"Ulitwanga wewe," alikubali haraka, bila kubembelezwa. "Basi na fisi ni wako."

Kwa wiki nzima mbuzi walilala jikoni, na mimi nililala nao mlangoni. Sitaeleza harufu. Mbwa alikunywa maji siku ya pili, akala uji wa nyama siku ya nne. Ilipopita kama wiki fizi zikaanza kurudisha rangi, kidogo kidogo, na nilikuwa nazikagua mara nyingi mpaka akaanza kufunga mdomo akiniona. Bwana mifugo alipita mara mbili. Mara ya pili alisema atapona, na amepona.

Mchana sasa namfunga kamba ndefu kivulini, na ini nawapa yeye na paka kama linavyotoka kwenye pakiti. Pakiti ikiisha nachemsha la buchani bila chumvi wala kitu kingine. Sichagui tena pakiti yenye viungo nisivyovijua, na siongezi changu. Nikiulizwa nimempa mnyama nini, nataja chote mara ya kwanza.