Nilificha Jina Lake, Misikhu Wakamjua

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilichukua siri ya mtoto nikaitumia kuamsha watu waliokuwa wakisinzia. Huku Kitale wananiita Madam, na kanisani natengewa kiti cha mbele. Wangejua ninayoyaandika leo wangenionyesha mlango.

Nafanya kazi katika makao ya vijana hapa Matisi, viungani mwa Kitale. Tunapokea watoto waliofukuzwa, waliopigwa, waliofiwa. Shirika letu lilinipeleka kwenye semina ya kuwahudumia vijana wenye majeraha ya moyo. Tulifundishwa kwamba kijana akishtuka ovyo au akikaidi, usimkaripie kwanza, jiulize amepitia nini. Tulifundishwa pia kwamba kisa cha mtoto ni mali yake, hakisimuliwi bila ruhusa yake. Hapo niliitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani.

Nilirudi na cheti, na kichwa kimevimba. Mkurugenzi akanituma nikawafundishe viongozi wa vijana wa kanisa moja kule Misikhu, upande wa Bungoma. Nilishona hadi nguo mpya, ati mwalimu.

Sasa niwaambie habari za Brian Khisa. Kwetu Matisi alikuwa Brian tu. Mama yake alikufa angali mdogo, akalelewa na nyanya yake mzaa mama, katika boma la mjomba wake huko huko Misikhu. Siku moja mjomba alimpiga mkewe kwa mchi hadi akafa, kisha akadai ameteleza mtoni. Brian aliona yote. Polisi walipokuja, alimvuta kando askari wa kike akamwonyesha mchi ulipofichwa. Mjomba akafungwa.

Boma zima likabaki likijiuliza nani alisema. Nyanya yake alikuwa akimlaani huyo mtu kila akipiga magoti kuomba, na Brian akiwa hapo hapo kando yake anaitikia amina. Ikamshinda. Akatoroka, na mwisho wa kuzunguka akaletwa kwetu.

Aliniambia haya tukipukuchua mahindi, bila kunitazama.

"Madam, usiambie mtu," alisema. "Kukhu akijua, mimi nimeisha. Na yeye ndio mtu yangu pekee."

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Nikamwapia kwamba nitakufa nayo. Ningekufa kweli ingekuwa afadhali.

Misikhu walinipokea vizuri, wakatulisha ugali na kuku, na huo ugali ndio ulioniponza. Baada ya chakula watu walianza kusinzia, wengine wako kwenye simu, na mzee mmoja alikoroma waziwazi. Nilikasirika. Kule semina mwalimu wetu alisimulia jambo tukalia sote, na mimi nilitaka watu walie. Basi nikawaambia, ngojeni niwape kisa cha kijana mmoja.

Nilijiona mjanja sana. Nilimwita Juma. Mjomba nikamgeuza jirani, mto nikaufanya shimo la choo, mambo yote nikayahamishia Kakamega. Lakini jinsi mtoto alivyomwonyesha askari wa kike silaha iliyofichwa, hilo nililisimulia kama lilivyo, kwa sababu lilikuwa tamu. Na nikaongeza jambo lingine la kweli la kuliza watu, aliloniambia Brian mwenyewe: kwamba mama yake alizaa mapacha, wakafa wote, ndipo akazaliwa yeye.

Mama mmoja aliyekaa mbele akainua mkono.

"Mwarimu, huyo mtoto amefuata mapacha kweri?"

"Kweli kabisa, mama," nikasema.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Hakuna aliyekoroma tena. Mimi mjinga nikadhani nimewagusa mioyo, nikamwaga na machozi kidogo.

Wazee wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, sisi si Wabukusu; kwetu watoto tunawapa majina ya babu na nyanya. Nimezaliwa Kitale, nimekula harusi na matanga ya Wabukusu tangu utotoni, wala sikuwahi kuuliza jina Khisa lina maana gani. Kwao, mtoto anayezaliwa akifuata mapacha ndiye Khisa. Hata mtoto wa chekechea wa Misikhu anajua. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya majirani wa nyanya yake nikimtaja kwa jina, na sikujua.

Agosti ikafika, msimu wa tohara. Kijana wa Kibukusu huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama, akiimba na kupiga kengele, naye huchinjiwa ng'ombe. Bila hiyo baraka ya ujombani anajiona hana mtu nyuma yake. Kwa kuwa mjomba yuko jela, mwanawe mkubwa ndiye angesimama badala yake. Tangu kabla ya mafunzo yangu, nyanya alikuwa ametuma ujumbe kwamba fahali yupo, mjukuu aje. Brian alifurahi hadi akawa anacheka peke yake jikoni. Nilimsindikiza na mfuko wa sukari.

Tulifika na kundi la vijana wanaimba. Fahali alikuwa amefungwa uani, watu wamejaa. Kumbe walikuwa wamejua tangu siku ile ya mafunzo. Wangeweza kutuma neno asije. Walingoja aje na kengele zake, mbele ya watu.

Nyanya alitoka nje polepole, wimbo ukakatika.

"Kira siku nauriza Mungu ni nani ameuza mtoto wangu," alisema. "Kumbe ni huyu nirikuwa napikia."

"Kukhu," Brian akasema.

"Usiniite hivyo."

Binamu yake akamfungua fahali, akamrudisha zizini bila haraka. Nyanya akanigeukia, akanishika mkono kwa adabu kabisa. "Asante, mwarimu. Bira wewe ningekufa sijui."

Nilitamani anitukane. Brian alinitazama mara moja tu, akaelewa. Tulirudi barabarani, naye amezishika zile kengele kwa kiganja zisilie.

Alitahiriwa hospitalini Kitale, mimi nikiwa ndiye jamaa wake. Wenzake walimcheka bila huruma, ati kisu cha hospitali ni cha waoga. Mkurugenzi naye akaniita ofisini, nikadhani nafutwa kazi. La, alitaka kunipongeza: Misikhu wamesifu mafunzo, wanaomba nirudi.

Majuzi nilimkuta Brian ana homa kali, ametapika kitandani tangu jana yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeambia watu," alijibu, akageukia ukuta.

Nimemwomba msamaha hadi maneno yameisha. Ananiitikia "sawa Madam", anafagia, anafua, anafanya yote aliyoambiwa. Wageni wakija humsifu kwamba ni kijana mwenye nidhamu. Mimi najua ninachokiona, nilifundishwa nikapewa na cheti.

Ninyi mnaofanya kazi na vijana, walimu, wachungaji, watu wa mashirika, nawaonya. Kubadilisha jina hakumfichi mtoto. Hujui wanaokusikiliza wanajua nini. Ukiona watu wanasinzia, waache walale, waamke waende zao. Usiwape mtoto wa mtu wamtafune ndipo wakupigie makofi.

Najua mtaniuliza, mbona basi unasimulia tena? Safari hii niliomba ruhusa. Nilimkuta Brian akianika shati, nikamwambia nataka kuungama, nitaweka jina lingine, nitahamisha mahali, na mapacha nitawatoa.

Hakugeuka.

"Andika tu vile ilikuwa, Madam. Sasa unanificha ndio nani asinijue?"