Maji ya Kumkanda Mwanangu

Kwa miaka kadhaa mgongo ndio uliokuwa mwenye nyumba kwangu pale Rasbura, mimi mpangaji tu. Maumivu yalianza msimu mmoja wa ufuta, nikadhani ni uchovu wa shamba. Hayakuondoka. Nikawa naamka nimekakamaa, nafagia huku mkono mmoja umeshika ukuta, na sala naswalia kitini.

Hayo niliyavumilia. Kilichonikosesha usingizi ni binti yangu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Mama ndiye humkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye humlaza mtoto miguuni na kumwogesha mpaka arobaini iishe. Mkwe wangu wa Mchinga, mama wa mume wake, akatuma salamu kwamba nisijitese, yeye yupo. Upole wenyewe uliniudhi. Nilijua akianza yeye, mimi nitakuwa mgeni kwa mjukuu wangu.

Nikaenda hospitali, kwa msichana mmoja anayefundisha mazoezi ya viungo. Akaniamkia shikamoo, akanitazama nikiokota kiatu, kisha akaniomba nifungue kanga niliyojikaza kiunoni. Nikagoma. Kanga ile nilikuwa naifunga kila siku tangu alfajiri hadi kulala. Ndivyo tulivyolelewa, kiuno kikiuma unakifunga. Na kuinama nako tulifundishwa namna yake: magoti yamenyooka, mgongo umepinda. Mwanamke anayekunja magoti akifagia husemwa mvivu.

"Mama, mgongo wako haujavunjika," akasema. "Unauogopa. Umeubana, hata pumzi umeibana."

Nilitaka kuondoka. Nimezaa, nimelima, leo mtoto wa juzi anifundishe kuinama. Lakini nilipomkumbuka mkwe wangu wa Mchinga, miguu haikunyanyuka.

Akanionyesha: kunja magoti kidogo, peleka makalio nyuma, kama unasukuma mlango huku mikono yote ina ndoo. Toa pumzi unaponyanyua. Nikawa nafanya mazoezi uani, majirani wakauliza hiyo ni ngoma ya wapi. Niliwaambia waje wacheze kwanza, jina watalijua baadaye. Wiki za mwanzo sikuvuna kitu zaidi ya hasira. Kisha asubuhi moja nikajikuta nimefagia uwanja mzima bila kuugusa ukuta, na kanga iko kwenye kamba. Maumivu hayakuisha yote, siku nyingine hurudi, ila nilikuwa nimeacha kuyatetemekea.

Binti yangu akajifungua salama, mtoto wa kike. Mkwe akafika na mkoba wake, tayari kwa kazi. Nikainama, nikatoa pumzi, nikaipua sufuria ya maji huku ananiangalia. Nikayamimina yote kwenye beseni. Hapo akauliza unga wa uji uko wapi, akaenda jikoni.

Bafuni nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikaanza kumkanda mwanangu tumbo na kiuno. Akaguna.

"Mama, taratibu. Una nguvu mno."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunilalamikia hivyo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikamwomba radhi, nikapunguza mkono, nikaendelea kumkanda.